Picha ya Hatua Sitini

Mimi nina hasira za karibu, nakiri mapema ili mtu asije akanisema baadaye. Nikikasirika huwa naongea na vitu. Jumamosi ile niliitukana lenzi njia nzima kutoka Migato mpaka Bariadi, juu ya pikipiki, mke wangu Jenifer akiwa nyuma yangu amenyamaza. Na Jenifer akinyamaza ujue mambo si mambo.

Kisa chenyewe ni mama mkwe. Jina lake sitalitaja, si kwamba silijui. Kwetu Usukumani mama mkwe hatajwi jina, hapewi mkono, huli naye sahani moja, na mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Ndivyo tulivyolelewa. Huu ni mwaka wa tisa tangu nimwoe binti yake, tuna mtoto wa miaka saba, Anna, na muda wote huo sijawahi kumtazama mama yule usoni. Namjua kwa mwendo, kwa kitenge chake, na kwa sauti inayonijibu salamu, "mwadila", kutoka upande wa pili wa ukuta. Tukiwa uwanja mmoja, macho yangu yanashuka chini yenyewe bila kuamrishwa.

Sasa mwezi wa saba mwanzoni, pamba ikiwa bado vichanjani, madaktari walisema ule uvimbe wa shingoni mwake lazima utolewe. Aende Mwanza, hospitali kubwa, alazwe Jumatatu. Siku ya Jumatano akampigia Jenifer simu. Hakulia wala hakulalamika. Alisema anataka picha.

"Picha ya nini, mama?" Jenifer akauliza.

"Yangu mimi. Nikisharudi, sawa. Nisiporudi, msije mkanikuzia ile ya kitambulisho."

Wote tulielewa. Dada yake alipofariki, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa imekuzwa kutoka kwenye kadi ya mpiga kura. Mama wa watu alionekana kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa wizi. Mama mkwe alikaa mbele ya picha ile siku tatu za msiba, na naambiwa hakuisahau.

Jenifer akamwambia atakwenda kumpiga picha kwa simu yake mwenyewe, ina kamera nzuri. Mama akakataa. Picha za simu zinapotea simu ikifa, alisema, na isitoshe yeye ana mkwe mpiga picha. "Nimemwomba yeye. Sikukuomba wewe."

Jenifer aliponiletea habari hiyo nilikaa chini. Kwa miaka tisa mama yule hajaniomba hata kiberiti. Nilipeleka ng'ombe wa mahari, nikapeleka sukari kila sikukuu, yeye akaleta kuku na karanga, vyote vikipita mikononi mwa watu wengine. Na huko kwao najua wanavyonisema. Baba mkwe, Mzee Mayige, aliwahi kuuliza mbele yangu kama kupiga picha ni kazi au ni mapumziko. Kwa hiyo nikasema moyoni, hii picha nitaipiga hata kama ni picha ya mwisho kuipiga duniani.

Swali lilikuwa moja tu, umbali. Siwezi kumsogelea mama mkwe na kamera kama ninavyowasogelea maharusi. Lakini nilikuwa na dawa yake. Nina lenzi ndefu ya zamani, chuma kitupu, ya kuzungusha kwa mkono, niliyouziwa na Mzee Januarius, afisa habari mstaafu, aliyeitumia enzi ambazo Bariadi ilikuwa bado wilaya ndani ya Shinyanga. Naifunga kwenye kamera yangu ya kisasa kwa ringi ya kuunganishia, nayo inamvuta mtu wa mbali mpaka unahisi umpe kiti.

Lenzi hiyo ilikuwa imeota ukungu ndani, na wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeifungua mwenyewe nyumbani, nikaisafisha, nikaifunga. Nikaijaribu kwa kusimama mlangoni kwa studio na kuielekeza kwenye bango la duka la Saidi, ng'ambo ya barabara. Sabuni, mchele, vocha, kila herufi ikasimama. Nikaielekeza kwenye mabati ya nyumba za mbali, yakaja na ukungu ukungu. Nikazungusha ringi mpaka mwisho, ikagota, na mabati hayakunyooka.

Saidi alikuwa kakaa kwenye kreti la soda ananitazama. "Vipi, jirani, imegoma?"

"Haijagoma. Ya mbali ndiyo haifiki."

"Si uitengeneze?"

"Mimi nitampiga nani wa mbali? Mwezi?"

Hilo ndilo jibu nililompa, na ndilo lililoniponza. Kazi zangu ni pasipoti saizi, harusi na komunyo ya kwanza. Kote huko watu wako karibu. Na hata kwa mama mkwe nilipiga hesabu. Siku ya ndoa alisimama hatua ishirini hivi kutoka kwangu, na kutoka mlangoni kwangu hadi bango la Saidi ni hatua ishirini na mbili. Nikasema inatosha, tena inabaki.

Jumamosi tukafika Migato, kwao Jenifer, saa nne. Mimi nikasimama pale mkwe anapotakiwa kusimama, kwenye njia ya kuingilia, ua wa minyaa unapoanzia. Nikafungua stendi, nikafunga kamera. Mashangazi wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka kuangalia, na Mzee Mayige kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti. Mama mkwe akatoka ndani na kitenge kipya, kanga ameizungusha shingoni kuficha uvimbe. Nikainamisha macho kama kawaida. Nikaanza kuhesabu hatua zake kwa sauti ya ndala.

Hakusimama uani. Alipita. Akavuka vichanja vya pamba, akaenda mpaka mlango wa zizi, akageuka na kusimama na ng'ombe nyuma yake.

"Anataka na ng'ombe waonekane," Jenifer akanipigia kelele kutoka katikati ya uwanja.

Zilikuwa hatua sitini kutoka kwangu, kama si zaidi. Nikazungusha ringi, ikagota. Kwenye kioo cha kamera niliona kitenge kimeyeyuka na ng'ombe wamekuwa mawingu. Nikazungusha tena kwa nguvu, kama vile lenzi inaogopa nguvu. Ikagota palepale.

Nikapiga hatua mbele, kama mtu anayetafuta pembe nzuri. Mama mkwe akarudi hatua nyuma. Nikapiga mbili, naye mbili, mpaka mgongo ukagusa fito za zizi na ndama mmoja akamlamba mkono. Mashangazi wakaanza kucheka wakiziba midomo na kanga. Jenifer akaja mbio, akaninong'oneza nimpe kamera apige yeye.

Mama akamwona anaishika, akasema kitu kwa Kisukuma. Jenifer akairudisha mikononi mwangu.

"Amesema hakunituma mimi."

Hapo ndipo ilipobidi niwe mtu mzima. Niseme lenzi ina tatizo, nitarudi kesho. Maneno matano. Lakini Mzee Mayige alikuwa ananiangalia na kile kiuso chake cha kuuliza kama hii ni kazi au ni mapumziko, na mimi nikabonyeza. Nikabonyeza mara sita.

"Imetoka?" mzee akauliza.

"Imetoka, baba. Nzuri sana."

Mama mkwe akaambiwa. Akaingia ndani taratibu, na nilisikia kutoka huko ndani akimwambia mtu kwamba sasa anaweza kufunga begi.

Tulipofika nyumbani Jenifer akaziangalia picha kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja.

"Huyu ni nani?"

"Si ni mama."

"Mama gani? Hili ni gunia la pamba limesimamishwa." Akanigeukia. "Baba Anna, wewe ulisema imetoka."

"Nilisema."

"Mama yangu anakwenda kukatwa shingo Jumatatu, amekuomba kitu kimoja, ukamdanganya."

Nilisema kitu kuhusu baba yake kuwepo pale, lakini hata masikioni mwangu mwenyewe kilisikika kipuuzi. Jenifer ni fundi cherehani. Akaenda kukaa kwenye mashine yake, akashona kitu ambacho hakuna mteja aliyekileta.

Nikatoa lenzi uani. Niseme kidogo tatizo lilikuwa nini, maana si uchawi. Lenzi za namna hii, mwisho wa ringi kuna alama ya nane iliyolala ubavu. Ndiyo "mbali kabisa". Ringi ikigota pale, milima, minara, vyote vya mbali vinatakiwa viwe vimesimama sawasawa. Yangu ilikuwa inagota kwenye nane vizuri tu, lakini mrija wa vioo ulioko ndani ulikuwa bado haujafika. Nilipoifunga baada ya kuisafisha nilikuwa nimeikaza ringi mahali pasipo pake. Ringi inasema mbali, vioo vinasema kwa Saidi.

Dawa yake inajulikana. Unabandua mpira unaozunguka ringi, chini yake kuna skrubu tatu ndogo kama chawa. Unazilegeza, ringi inabaki inacheza bure, halafu unauzungusha mrija wa ndani kwa mkono huku unatazama kitu cha mbali sana. Kikisimama, unaushikilia mrija usitikisike, unaisogeza ringi mpaka igote kwenye nane yake, unakaza skrubu. Basi.

Ndiyo, basi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nikaelekeza kamera kwenye mnara wa simu ulio juu ya kilima ng'ambo ya mji, nikaikuza picha kwenye kioo cha nyuma mara kumi. Mnara ulikuwa unacheza. Joto la tambarare lote lile lilikuwa linapanda, na nondo za mnara zikawa zinakatika na kuungana kama unaziangalia kupitia moshi wa jikoni. Kila nikidhani zimesimama, zinaondoka. Nikakadiria, nikakaza. Skrubu ya kwanza ilipokaza ikauburuta mrija, kila kitu kikapotea. Nikalegeza, nikaanza upya. Mara ya tatu bisibisi ikateleza, skrubu ikaruka, ikaanguka mchangani, na kuku mmoja akaja kuiangalia kwa makini sana.

Yule kuku nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuwa nimepiga magoti, napapasa mchanga, na machozi yananilenga, si kwa ajili ya skrubu. Nilikuwa naona jeneza na picha ya kitambulisho juu yake, na mashangazi wanne wakiuliza yule mkwe alipiga picha gani siku ile.

Jenifer akatoka. Akamfukuza kuku, akaiokota skrubu kwa vidole viwili kana kwamba alikuwa anajua ilipo, akaiweka kwenye sinia la chakula alilokuja nalo. Akatazama kioo cha kamera muda mrefu.

"Huo mnara unatembea," akasema.

"Ni joto."

"Sasa unakaza kitu kinachotembea?" Akachomoa na zile mbili zilizobaki, akalichukua sinia lenye skrubu zote. "Asubuhi, kabla jua halijashika. Na utashika huo mrija wako, mimi nitakaza. Wewe mikono yako ina hasira."

Jumapili tukaacha misa, jambo ambalo Jenifer alinikumbusha mara tatu kabla ya chai. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa uani. Hewa ilikuwa baridi na imetulia. Mnara ulisimama pale juu ya kilima kama umechorwa. Nikauzungusha mrija polepole, ukungu ukajikusanya, ukawa nondo, nondo zikawa na boliti, na juu kabisa nikamwona kunguru, nikaona mpaka mdomo wake ulivyofunguka.

"Hapo," nikasema. "Usinisemeshe."

"Nani anakusemesha?"

Nikaukumbatia mrija kwa vidole vya mikono yote miwili, nikaacha kupumua. Jenifer akaileta ringi mpaka ikagota kwenye nane. Akaweka skrubu ya kwanza, akaigusa tu, hakuikaza. Ya pili, akaigusa. Ya tatu. Ndipo akarudi ya kwanza, akazungusha kidogo, ya pili kidogo, ya tatu kidogo, akizunguka hivyo hivyo kama anavyobana kiuno cha gauni. Mrija haukutikisika. Nikaachia. Nikairudisha ringi mpaka umbali wa kwa Saidi, herufi za gunia lililoanikwa mwisho wa uwanja zikasomeka. Nikaipeleka mpaka mwisho, na kunguru bado yuko.

Nilimshika mke wangu mabega. Akasema nisijisahau, mama bado anajua picha ipo.

Hilo lilikuwa gumu kuliko skrubu. Tulifika Migato saa tatu, Mzee Mayige akashangaa kutuona. Nikasimama kwenye minyaa yangu, nikamsalimu, nikasema kabla sijapoteza nguvu.

"Baba, picha za jana niliziharibu. Lenzi ilikuwa na kasoro na nilijua. Nilisema uongo. Nimekuja kuomba nipige tena."

Mzee akachora mstari mchangani kwa fimbo. "Na leo?"

"Leo imetengenezwa. Binti yako kaikaza."

"Ah, kama kaikaza yeye," akasema, na akaita ndani.

Mama mkwe alichelewa kutoka. Kitenge kilikuwa kimeshafungwa begini, ilibidi kitolewe, kipigwe pasi. Mimi nilikaa pale jua linapanda nikifikiria lile joto la jana. Mwishowe nikasikia ndala. Zikapita vichanja, zikafika zizini, zikasimama. Hatua sitini zilezile.

Nikainamisha macho kama kawaida yangu. Halafu nikakumbuka kwamba kazi niliyoombwa haifanyiki hivyo. Nikainua uso, nikautazama ule mchoro mdogo wa mtu kwenye kioo, nikavuta mara kumi, nikazungusha ringi.

Na mama mkwe akaja. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Uso ulijikusanya kutoka kwenye ukungu mpaka nikauona wote, nyusi, makunyanzi mawili chini ya jicho, kovu dogo la zamani pembeni ya mdomo. Kanga ya shingoni hakuivaa leo. Uvimbe ulikuwa pale, wa ukubwa wa limau, ameuacha wazi. Miaka tisa nilidhani nina mkwe mkali. Niliyemwona alikuwa ameng'ata mdomo wa chini kama Anna akisubiri sindano, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu tupu. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, maana kwa pale alipo yeye haoni uso wangu, anaona kamera.

Nikashindwa kubonyeza. Hiyo si sura ya kuachiwa watoto.

Muda ukapita. Mama akamwambia Jenifer kitu, na Jenifer, aliyesimama katikati ya uwanja kama posta yetu ya siku zote, akageuka kwangu. "Anauliza, leo unaona? Unaona nini?"

Ningeweza kujibu naona vizuri. Lakini jana nilishasema nzuri sana.

"Mwambie naona anaogopa."

Jenifer akanikodolea macho. Maneno kama hayo mkwe hamtumii mama mkwe, hata kwa barua. Mzee Mayige akaitikia kwa kichwa kidogo tu, kumaanisha peleka. Jenifer akayapeleka, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini.

Mama mkwe hakumjibu Jenifer. Alitazama kamera, akasema kwa sauti iliyovuka uwanja wote mpaka kwangu kwamba anaogopa sana, tangu siku ile ya madaktari hajalala, na hapa nyumbani hakuna aliyemwuliza.

Nami nikajibu. Sikumtafuta mtu wa katikati, nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Hata mimi ningeogopa, mayu."

Kwenye kioo niliona mdomo ukiachiwa na meno. Mabega yakashuka. Akavuta pumzi, ng'ombe mmoja akaweka kichwa juu ya fito nyuma yake, na ule uso ukatulia, ukawa uso wa mwanamke anayesimama mlangoni kwa zizi lake mwenyewe. Hapo nikabonyeza, mara moja tu, na nilijua.

Alilazwa siku iliyopangwa. Upasuaji ulichukua saa tatu, na Jenifer aliyekuwa huko alinitumia ujumbe wenye herufi mbili tu, OK, nami nikafunga studio nikaenda kukaa dukani kwa Saidi bila kununua kitu. Uvimbe umetoka wote, na madaktari wanasema hauna ubaya. Picha nimeisafisha kwa ukubwa wa dirisha, Mzee Mayige ameitundika sebuleni na anawaonyesha watu ng'ombe kwanza, halafu mkewe.

Juzi mama mkwe amepiga simu. Kwa Jenifer, bila shaka. Anasema shingo inawasha, sauti inarudi, na mwezi ujao anataka picha nyingine, ya bila uvimbe.

"Mwambie mume wako aje na ile lenzi," akasema, nami nikiwa pembeni nasikia kila neno. "Ila hatua sitini ni mbali, nimechoka kupiga kelele. Asimame arobaini."